Askari wapimwe tena miezi kadhaa baada ya kurudi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu afya ya akili ya wanajeshi wetu wanaorejea kutoka Kongo na Msumbiji. Sisi wa Mtwara jambo hili liko mlangoni kwetu, hasa tangu mapigano ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, yaanze mwaka 2017.

Kumuuliza askari maswali siku anayorudi hakutoshi. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani waliotoka Iraki, uliochapishwa mwaka 2007, ulibaini wenye matatizo ya akili wengi zaidi miezi michache baadaye kuliko waliporudi. Tena dalili mojawapo ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, ni kukwepa: mtu hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha tukio. Huyo atajibuje dodoso kwa uwazi? Dodoso la PCL-5, linalotumika sana kupima dalili za kiwewe, lina maswali 20, na mawili tu ndiyo yanayogusa kukwepa. Hapa Mikindani namfahamu mstaafu mmoja, mchangamfu na mtu wa watu, lakini redio ikitaja vita huizima, na harusi yenye fataki haendi. Kwenye karatasi angeonekana mzima kabisa.

Naiomba JWTZ impime askari kabla ya kuondoka, anaporudi, na tena baada ya miezi sita. Mpimaji asiwe mkuu wake wa kazi, wala majibu yasimzuilie cheo. Kwa ridhaa ya askari, mwenzi wake naye aulizwe, maana ndiye anayejua nani hushtuka usiku na nani ameacha hata kwenda msibani.

Msomaji,
Mikindani, Mtwara