Usiilipie kwanza hiyo RX 580

Salim ndugu yangu,

Salamu sana. Sisi Tanga wazima, joto tu ndilo linatukaanga. Naandika mbio kwa sababu Rehema kaniambia Jumamosi unakwenda Kariakoo kuchukua RX 580, ile kadi ya picha ya kompyuta. Nakuomba usiilipie kwanza.

Kadi si mbaya, na bei uliyopewa ni nzuri kweli. Tatizo ni kompyuta yako. Hiyo Dell OptiPlex 9020, kama ni ya kasha kubwa, ina pawa saplai ya wati 290. Prosesa yako, i5-4590, ni wati 84. RX 580 ni wati 185. Jumlisha, halafu uniambie diski, feni na mazabodi vitakula nini. AMD wenyewe, watengenezaji wake, wanataka saplai ya wati 500. Tena kadi hiyo inadai waya wa pini nane, ambao saplai yako haina.

Najua Juma atakwambia ipo adapta ya SATA, ya kugeuza plagi ya umeme wa diski iwe ya kadi, tena ya bei ndogo. Kataa, Salim! Plagi ya SATA hubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini nane zinaruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inaweza kuyeyuka, na video za harusi za watu zimo humo kwenye diski. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kubadilisha saplai nako kuna kazi, maana mazabodi ya 9020 haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Na hizo saplai za bei rahisi zilizoandikwa 500W, soma kibandiko chake: mstari wa 12V ukisema 16A, zidisha, unapata wati 192. Kadi inakula karibu umeme wake wote hapo kwenye 12V.

Tafuta kadi ya GTX 1650, ya NVIDIA. Ni wati 75, na zote zinapita kwenye tundu la PCIe, lile la mazabodi unalochomekea kadi, bila waya wowote. NVIDIA wanapendekeza saplai ya 300, lakini zile wati kumi zinazopungua kwako zisikutishe: 84 na 75 ni 159, nafasi ipo. Ila kagua ukingo wa kadi, kuna 1650 zenye tundu la pini sita, hizo ziache. RX 6400 inakula kidogo zaidi, wati 53, lakini haina enkoda ya video, yaani sehemu ya kubana video unapoitoa. Kwa kazi yako ya kutoa video hainifurahishi kabisa.



Sasa nijibu upesi. Ulishamwachia muuzaji chochote? Atakubali kadi ijaribiwe mbele yako, iendeshwe nusu saa hivi? Kompyuta yako ni ile ya kasha kubwa, au nyembamba inayotaka kadi fupi? Unaweza kunipigia picha kibandiko cha saplai? Na video za harusi ya Zuwena, umeshazinakili mahali pengine?

Nduguyo,
Hamisi