Barua ya wazi kwa Waziri: magongo tumepewa, uwanja je?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: UWANJA WA MPIRA WA MAGONGO DODOMA

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Dodoma, nafundisha wasichana wa sekondari mpira wa magongo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida zina tabia ya kulala masjala.

Ukitaja Olimpiki ya Moscow ya 1980, wengi watakutajia medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Wachache watakumbuka kwamba timu yetu ya magongo ya wanaume nayo ilikuwepo. Mataifa kadhaa yalikuwa yamesusia, tukapata nafasi katika timu sita, na India, ambao ndio waliotwaa dhahabu mwaka ule, wakatufunga 18-0. Watu wakisikia matokeo hayo hucheka. Mimi huwafikiria mabeki.

Mshambuliaji mwenye kipaji anaweza kutamba angali kijana mdogo. Beki hukomaa kwa mechi. Hapo jirani, Kenya, alikuwepo beki Avtar Singh Sohal: Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Aliichezea nchi yake mechi 167. Kombe la kwanza la Dunia, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani, Mheshimiwa, na Nairobi si mbali hivyo ukishapita Kondoa na Babati.

Naomba nikueleze kazi ya beki ilivyo, maana wengi huhesabu magoli tu. Inapotolewa kona ya adhabu, yaani adhabu kwa kosa la walinzi karibu na goli lao, mabeki wanne na kipa wao hujipanga nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote wamerudishwa katikati ya uwanja. Mpira, mkubwa kidogo kuliko wa tenisi lakini mgumu kama jiwe, unasukumwa ndani. Papo hapo beki mmoja anachomoka kumfuata mpigaji, barakoa usoni, gongo kalilaza karibu na ardhi. Shuti linaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Anayekimbilia hapo lazima awe na uhakika kwamba mpira utapita palepale anapoutegemea.

Uhakika huo kwetu haupo. Tunachezea udongo mwekundu wenye kokoto. Mpira ukigonga kijiwe unaruka hadi gotini, siku nyingine hadi kwenye meno. Ninaye binti wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa Chamwino, anayejua pasi inakwenda wapi kabla haijapigwa. Hajafundishwa hilo na mtu. Lakini mpira ukimjia anasimama wima na kugeuza uso, wakati beki anatakiwa ainame, gongo chini, macho kwenye mpira. Kumkemea hakusaidii, kwa sababu kiwanja ndicho kilichomfundisha hivyo.

Magongo tunayo. Wafadhili walituletea, na kiongozi mmoja akaongeza mengine, tukapigwa picha nzuri tu. Yako stoo. (Na hata yasingekuwepo, Ugogoni mtu hakosi fimbo.) Tunachokosa ni mahali pa kuchezea. Tangu Montreal 1976, magongo ya Olimpiki yanachezwa kwenye nyasi bandia, kwa hiyo mchezaji anayekulia kwenye kokoto anajifunza mchezo mwingine kabisa.

Najua swali la kwanza la wataalamu wako litakuwa maji, na katika mji wetu huu wa mgao ni swali la haki. Nyasi bandia za mashindano makubwa kwa kawaida humwagiwa maji kabla ya mechi. Lakini zipo zinazojazwa mchanga, hazihitaji kumwagiliwa. Kasi yake ni ndogo kidogo, ila mpira unakwenda ulikotumwa. Mimi hiyo inanitosha.

Uwanja kamili ni mita 91.4 kwa 55. Fedha zisipofika huko, kuna magongo ya wachezaji watano kila upande, kwenye kiwanja kisichofika nusu ya huo, kimezungushiwa mbao za kurudisha mpira. Kombe lake la kwanza la Dunia lilichezwa Muscat, Oman, Januari 2024. Binafsi siupendi sana, una papara nyingi. Lakini mechi ni ya dakika 20, shule sita zinaweza kumenyana Jumamosi moja, na beki hapati hata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Kwa wasichana wangu hilo ni darasa tosha.

Nzuguni kunajengwa uwanja mkubwa wa soka, wala siombi uguswe. Naomba shule moja ya serikali yenye eneo, hapa mjini au Chamwino, ipimwe, na gharama ziingizwe kwenye bajeti ijayo. Wapimaji waje kabla ya mvua za Desemba, maana udongo mweusi wa baadhi ya maeneo haya ukishalowa, gari haliingii hadi Mei.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo,
Dodoma.