Historia ya ukoma isisomwe kwa macho peke yake

Mhariri,

Katika makala nyingi kuhusu ukoma hurudiwa kwamba ugonjwa huu uliingia Amerika kwa meli za Wazungu. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 2025 vinasaba kutoka mifupa ya Kanada na Argentina, yenye umri wa miaka 1,000 hivi, vilionyesha bakteria wa ukoma aitwaye Mycobacterium lepromatosis, aliyetambuliwa mwaka 2008 tu. Aliyevuka bahari ni ndugu yake, Mycobacterium leprae. M. lepromatosis alikuwako tayari.

Mifupa yenyewe husema mengi, lakini si yote. Tazama fuvu: kimwiba cha mfupa chini ya tundu la pua humomonyoka, kingo za tundu hilo huviringika, na mfupa unaoshika meno ya mbele ya juu hulika mpaka meno yadondoke. Mifupa ya nyayo na vidole nayo huchongoka kama penseli. Yote yakikutana kwa mtu mmoja, ushahidi ni mzito. Vidole pekee havitoshi, kwani kisukari nacho huharibu miguu. Na wapo wagonjwa waliokufa kabla ugonjwa haujagusa mfupa.

Ndipo vinasaba vinapohitajika. Tabaka la juu la jino au mfupa hukwanguliwa, kisha keekee huzungushwa polepole, maana joto huvunja vinasaba. Unga wa miligramu 50 hivi hutosha. Hatari kubwa ni udongo: umejaa bakteria wa ukoo huohuo, na kipimo cha kipande kimoja cha jeni huweza kudanganyika. Kwa hiyo husomwa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria, na hutazamwa ncha za vipande, ambako C iliyozeeka, mojawapo ya herufi nne za vinasaba, husomeka kama T. Vipande visivyo na uchakavu huo vina dalili ya kuwa vya juzi. Na kipimo kikikosa bakteria, hakijathibitisha kwamba mtu hakuugua.

Kwa njia hii, mifupa kutoka Ulaya, ya miaka kati ya 400 na 1400, imeonyesha matawi kadhaa ya M. leprae, mojawapo ya mifupa hiyo ikitoka Great Chesterford, Uingereza. Anayetaja chanzo kimoja na njia moja ya kuenea anavuka ushahidi uliopo.

Tunaomba waandishi wenu wataje kila mara ni bakteria yupi, na kama ushahidi ni wa mfupa au wa vinasaba.