Barua ya wazi kwa Waziri: Mwalimu, shubiri ni shubiri tu?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya misitu na maliasili, Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa bayolojia, naishi Chake Chake. Nimeshakuandikia mara mbili kwa bahasha bila ya jibu, basi hii ya tatu naiacha wazi, kila mwenye macho aisome.

Mwezi wa Shaabani nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi katika bandari moja ya kisiwa hiki. Mbele yangu bibi mmoja ana pakacha la miche ya shubiri, anampelekea mwanawe akaitie kwenye maji ya kuku. Mkaguzi akanyanyua mche mmoja, akaona madoa meupe kwenye majani. "Hii ya porini hii, ina madoadoa." Miche ikazuiliwa. Nyuma yetu kijana na polo zima la mashina makubwa, yameng'olewa na mizizi yake, vipande vya mawe ya maweni bado vimeshikana nayo. Majani hayana doa. "Aloe vera hiyo, pita." Nikajaribu kusema neno, nikaambiwa: "Mwalimu, shubiri ni shubiri tu."

Ulimini, kweli. Kila mtoto aliyeachishwa ziwa hapa kwetu anaijua. Lakini jamii ya shubiri, kitaalamu Aloe, ina aina zaidi ya 500, na moja imepewa jina la kisiwa chetu: Aloe pembana, iliyoelezwa na mtaalamu wa mimea L. E. Newton mwaka 1998. Hiyo si ile inayopandwa kwenye makopo barazani. Na mbele ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, tofauti ni kubwa: biashara ya aina zote za Aloe baina ya nchi na nchi inadhibitiwa, isipokuwa Aloe vera peke yake. Polo lile likishaandikwa "vera" hapa, huko mbele nani atalifungua?

Doa, Mheshimiwa, ni shahidi wa uongo. Mche mchanga wa Aloe vera huwa na madoa, ukikomaa yanafifia. Mkaguzi alishika cha bustanini, na huenda akaachia cha porini.

Cha kuangalia ni ua. La vera ni la manjano, bomba jembamba la kama sentimita tatu, limeinamia chini. Kisha utazame shina la maua lina matawi au halina, kikonyo cha kila ua kina urefu gani, na jani dogo lililo chini ya kikonyo limekaaje. Haya yatazamwe mmea ukiwa mbichi, na upigwe picha hapo hapo. Jani la shubiri limejaa maji. Ukilikausha linasinyaa, na rangi ya ua inapotea.

Wenzetu wa bara wana mtihani mgumu zaidi. Katika nyanda za juu za kusini magharibi ziko shubiri zinazoishi ndani ya nyasi, majani membamba kama nyasi zenyewe. Unaweza kuzikanyaga usijue. Hata hivyo hutofautishwa. Aloe myriacantha ina viua vidogo vyenye midomo miwili, Aloe nuttii ua lake ni bomba, na Aloe bullockii imevimba chini kama kitunguu. Ikiwa nyasi na nyasi zinapambanuliwa, sisi tunashindwa nini na majani mapana namna hii?

Ombi langu halina gharama ya semina wala posho. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye picha za maua na iliyopigwa plastiki, iwekwe kwenye kila meza ya ukaguzi. Wavuvi wa dago wapewe nayo, maana wao hulala visiwani na huona nani anachimba. Na mzigo wowote wa shubiri zilizong'olewa na mizizi usimamishwe mpaka ijulikane umetoka wapi. Kuitayarisha karatasi hiyo nitasaidia mwenyewe, bure.

Mfungo Tatu nilipita tena bandarini pale. Mche mmoja wa yule bibi ulikuwa umepandwa kwenye kopo la rangi, pembeni mwa meza ya mkaguzi. Majani mapya yametoka safi, hayana hata doa moja. Nilimsalimia, nikapanda boti.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Chake Chake, Pemba