Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Marathoni za Kusoma na Uhakiki wa Riwaya za Ajabu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inataka mwenyekiti asome taarifa yake kabla ya mhazini kusoma hesabu, nami nitaifuata, ingawa najua wengi wenu mmekuja kusikia hesabu. Ada, kodi ya ukumbi na fedha za vitabu namwachia yeye. Mimi nitasema juu ya kazi mbili tulizozifanya mwaka huu, marathoni na uhakiki, na jinsi kazi hizo mbili zilivyokuwa zikivutana.

Kwa faida ya wanachama wapya, marathoni yetu ni ya saa 24. Tumefuata saa za Dewey's 24 Hour Readathon, iliyoanzia Marekani mwaka 2007 na ikazoeleka kufanyika Aprili na Oktoba, wasomaji wa nchi mbalimbali wakifungua vitabu kwa wakati mmoja. Saa mbili asubuhi ya Jumamosi kwa watu wa New York ni saa tisa alasiri kwetu Dar es Salaam. Mwenzetu aliyeko Muscat huanza saa kumi, na yule wa Bukavu saa nane. Saa hizo zinatufaa kwa sababu mtu anakuwa ameshatoka sokoni, amefua, amekula na amelala kidogo. Ubaya wake ni kwamba usiku wa manane unakukuta bado hujafika hata nusu ya safari.

Marathoni ya Aprili iliangukia kwenye masika, kama ilivyotarajiwa. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hata kumwomba jirani akupitishie chupa ya chai ilikuwa lazima upige kelele. Waliosomea nyumbani walitutumia picha za maji yaliyoingia sebuleni, na wengine waliacha vitabu wakashika ndoo. Hatukuwahesabia kuwa wamejitoa. Kamati iliamua kwamba mafuriko ni udhuru.

Ya Oktoba ilikuwa na mtihani mwingine. Tarehe ilikwisha kutangazwa, ukumbi umelipiwa, ndipo tukaambiwa kuwa jioni hiyohiyo watani wa jadi wanacheza. Wapo waliokuja na redio ndogo masikioni na kitabu kikiwa wazi mkononi, ukurasa ulelule kwa dakika tisini. Sitaji jina la mtu, wala timu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Kwa muda mrefu mshindi wa marathoni alikuwa ni yule aliyesoma kurasa nyingi kuliko wenzake, na kikombe alikuwa anakwenda nacho nyumbani. Ushindani ulichangamsha, lakini tazameni ulitufanya tusome nini. Watu walianza kuja na vitabu vyenye maandishi makubwa na picha. Walikwepa kitabu chochote kinachomtaka msomaji arudi nyuma. Halafu wiki mbili baadaye wahariri wa jarida letu wakidai uhakiki, mtu anajikuna kichwa, maana kati ya vitabu vitano alivyomaliza hakumbuki hata jina la mhusika mmoja.

Ndiyo maana mwaka huu kamati iliamua tuhesabu saa, tusihesabu kurasa, na kwamba marathoni zote mbili ziwe za riwaya za ajabu: zenye majini, wafu wanaorudi, safari za angani, nchi zisizo kwenye ramani. Tulichagua uwanja huo kwa makusudi. Watu husema Kiswahili hakina riwaya za namna hiyo, na wanaosema hivyo mara nyingi ni watu waliozisoma shuleni bila kuambiwa kwamba ndizo.

Mfano mzuri ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile iliyoifuata mwaka 1991. Nagona ni kitabu chembamba, kurasa zake hazifiki mia. Kwa sheria ya zamani kilikuwa kitabu cha kujipatia kurasa za haraka. Lakini mwulizeni yeyote aliyekishika usiku ule. Msimulizi anasafiri mahali ambapo hata ukimya una uzito, mara unamkuta Socrates, mara Nietzsche, na ukipepesa macho umeshapotea njia. Mwanachama mmoja aliyekuwa anajisifu kumaliza riwaya mbili kwa usiku alianza Nagona saa moja jioni, na saa sita usiku alikuwa anaianza upya kwa hiari yake. Kwa kipimo cha kurasa alikuwa wa mwisho ukumbini. Mimi nilimwona ndiye pekee aliyekuwa anasoma.

Uhakiki nao ulikuwa na ugonjwa wake, na hapa nitakaa kidogo. Tulipopokea hakiki za Aprili, karibu zote zilikuwa majibu ya mtihani wa kidato cha nne. Fani na maudhui. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Jini akitokea tu, mhakiki anamkamata na kumpa kazi: jini huyu anawakilisha uongozi mbaya. Mzuka wa babu unawakilisha historia. Chombo cha angani kinawakilisha ubepari. Hakuna mhakiki aliyetueleza kama jini huyo anatisha.

Katika kikao cha Mei niliwauliza wanachama, wote mliopitia Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, shuleni, nchi ya Kusadikika iko wapi? Mikono ilinyooka: ni Tanganyika chini ya Mwingereza. Nikasema sawa, kitabu kilitoka mwaka 1951, hilo halina ubishi, lakini ndani ya kitabu nchi hiyo iko wapi? Kimya. Iko angani, ndugu zangu. Shaaban Robert aliichukua nchi nzima na watu wake, mfalme wake na baraza lake akaiweka hewani, kisha akatuma wajumbe sita kutoka humo, wanne kwenye pande nne za dunia, mmoja juu mbinguni, mmoja chini ardhini. Wote wakarudi na mambo ya manufaa, wote wakatupwa gerezani. Tumeisoma kwa miaka yote hiyo, na nchi inayoelea angani haikumshangaza mtu.

Walimu tulionao chamani walipinga, na kwa haki. Walisema mwandishi aliyeandika chini ya serikali ya kikoloni hakuwa na njia nyingine ya kusema, na kumfundisha kijana kuiona nchi hiyo kama fumbo ni kumpa ufunguo. Nakubali. Ila ufunguo unafaa ukishafika mlangoni, na wahakiki wetu walikuwa wanaanza kuuzungusha hewani. Kwa hiyo kamati ilitoa mwongozo mpya: katika aya mbili za mwanzo za uhakiki, maneno sitiari, dhamira na ujumbe ni marufuku. Mhakiki aeleze kwanza nani anafanya nini, mahali gani, ajabu ni ipi na ajabu hiyo ina masharti gani. Baada ya hapo afasiri anavyopenda. Na lugha ya kitabu iwe yoyote, uhakiki ni kwa Kiswahili.

Mwongozo huo ulizaa matunda ambayo hata mimi sikuyategemea, na tunda kubwa lilikuwa juu ya Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert pia. Ilikuwa Oktoba, yapata saa nane usiku. Umeme ulikatika, taa za kuchaji zilikuwa chache, ikabidi tukae duara na mtu mmoja asome kwa sauti. Aliyesoma ni mmoja wa wanachama wetu wakubwa kwa umri, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na kitabu alikishika mbali na macho kama kawaida yake. Alisoma pale Adili anapowatandika manyani wawili, ambao ni ndugu zake wa tumbo moja waliogeuzwa, na ambao ni lazima awapige kila usiku kwa amri ya jini Huria. Kahawa ilikuwa inapoa. Wenye redio za jioni, wenye simu, wote walinyamaza. Hata mlinzi wa ukumbi alivuta kiti akasogea mlangoni.

Alipomaliza sehemu hiyo, mwanachama mmoja ambaye kazi yake ni uuguzi aliuliza swali ambalo sijalikuta katika mwongozo wowote wa wanafunzi: anayeadhibiwa hapa ni nani hasa? Ndugu wanapigwa, ndiyo. Lakini Adili hawezi kusafiri bila wao, hawezi kuugua, hawezi kulala mapema hata usiku mmoja. Kila jua likizama ana kazi ya fimbo inayomsubiri, na anaowapiga anawapenda. Swali hilo linatoka kwenye masharti ya ajabu yenyewe, yaani kila usiku, bila kukosa. Ukikimbilia kusema manyani wanawakilisha husuda, hulifikii kamwe. Uhakiki alioandika baadaye ndio ulio bora kuliko yote ya mwaka, na wahariri wameuweka mbele katika toleo lijalo la jarida.

Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ilitugawa. Dzombo amehukumiwa kifo, na namna ya kumuua ni kumfungia ndani ya chombo na kumrusha angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, na anafika kwenye nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Nusu ya kwanza ilisomwa kwa pumzi moja. Kuanzia anapofika, nusu ya ukumbi ilianza kupiga miayo, kwa sababu wenyeji wanamweleza mgeni kila kitu, na wanaeleza sana. Wengine walisema huo ndio utamu wake, kwamba mwandishi alikuwa na jamii nzima kichwani na akataka tuione. Msimamo wangu ni kwamba nchi njema ni ngumu kuisimulia kuliko chombo cha kunyongea watu, na Mkangi hakulishinda tatizo hilo. Waliotofautiana nami wameandika, na hakiki zao zitatoka bila kukatwa.

Kwa vitabu vya Kiingereza tulichukua The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kitabu kilichopata Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Binti anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, ndani ya chombo cha mifupa, akiwa na paka anayezungumza. Wanachama wenye asili ya pwani walikisoma kama watu wanaosikia habari za mtaani kwao. Mmoja alisema wazi kwamba sentensi nyingi humo alizisikia kwa Kiswahili kichwani, na akatuletea uhakiki wenye methali na misemo ambayo bila shaka ndiyo iliyokuwa nyuma ya Kiingereza kile. Ningependa kuona uhakiki wa namna hiyo zaidi.

Riwaya iitwayo Binti, ya Nnedi Okorafor, iliyopata tuzo za Hugo na Nebula mwaka 2016, ilisomwa na vijana karibu wote kwa sababu ni fupi. Hakiki zake zilikuwa za kawaida.

Suala la kuvipa vitabu nyota, kama hoteli, lililetwa tena na likakataliwa tena. Naomba lisiletwe mwakani.

Nakala zilitusumbua. Vitabu vya Kiswahili vya aina hii unavitafuta duka kwa duka, na mara nyingi unaambiwa vimekwisha na hakuna anayejua vitachapwa lini. Nakala ya Mzingile tuliyokuwa nayo ni moja tu, ya mwanachama, imefungwa kwa gundi ya karatasi mgongoni, na ilisomwa kwa foleni usiku kucha. Liliibuka pendekezo la kuitoa fotokopi. Kamati ilikataa. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, lakini haki za kazi yake hazikuzikwa naye, na chama cha wasomaji kinachodurufu vitabu hakina uso wa kulalamika kwamba wachapaji hawachapi. Badala yake tumewaandikia wachapaji kuwauliza. Majibu yakija mtajulishwa.

Vitabu vitatu vya maktaba ya chama havijarudi. Walionavyo wanajijua, na katibu anawajua pia.

Mwakani kamati inapendekeza Aprili tusome waandishi wawili tu: Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, ambamo babu aliyekwisha kufa anamtokea mjukuu wake ambaye ni mkubwa serikalini, na Kyallo Wadi Wamitila kwa Bina-Adamu!, ya mwaka 2002. Saa ya kusoma kwa sauti iwe kwenye ratiba rasmi, umeme uwepo usiwepo. Iwekwe saa nane usiku, ndipo usingizi unapoelemea.

Lipo na jambo la kikombe. Mwaka huu hakikutolewa kwa sababu hakukuwa na kurasa za kuhesabu, na kiko kabatini kwa katibu. Wapo wanaotaka kirudi kwenye mbio. Kamati inaleta hoja kwamba kuanzia sasa kitolewe kwa uhakiki bora wa mwaka, ukichaguliwa na wanachama wenyewe kwa kura ya siri. Hoja hiyo inahitaji theluthi mbili ya kura, na tutaipigia kura mara tu mhazini atakapomaliza. Naomba wanaokwenda kunywa chai wasiondoke kabla ya hapo, maana akidi yetu leo ni ya kubahatisha.

Mhazini, karibu.