Kibandiko cha bei ya monita kiseme zaidi ya inchi

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye maduka ya kompyuta, pamoja na wateja wao, kuhusu monita pana zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya gemu na kazi za kawaida.

Kibandiko kikiandikwa "inchi 34, ya kupinda" na bei chini yake, mnunuzi bado hajaambiwa kitu. Inchi hupimwa kona hadi kona, na kadiri kioo kinavyorefuka kwenda pembeni ndivyo namba hiyo inavyopotosha. Monita ya inchi 34 yenye uwiano wa 21:9 (upana kwa kimo) ina kimo cha sentimita 33 hivi, sawa na ya inchi 27 ya uwiano wa kawaida wa 16:9. Kilichoongezeka ni upana, kutoka sentimita 60 hadi 80. Ya inchi 29 ndiyo inayowashangaza wengi ikishatolewa kwenye boksi, maana kimo chake ni kile kile cha inchi 23. Mpira wa televisheni hurushwa kwa 16:9, kwa hiyo mwenye inchi 34 ataangalia picha ya inchi 27 katikati, na weusi kulia na kushoto.

Halafu kuna pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Inchi 34 ziko za pikseli 2560 kwa 1080 na za 3440 kwa 1440, na dukani zikiwa zimezimwa huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ina pikseli 82 kwa kila inchi, ya pili 110. Ukikaa mezani, herufi za ile ya kwanza zina kingo za msumeno. Mhasibu anayeshinda kwenye Excel atalalamika siku hiyo hiyo. Hiyo ya pili ukiigawa katikati, unapata kurasa mbili zinazosomeka vizuri bila kuhangaika kufungua na kufunga. Wanaonunua televisheni ya inchi 32 waifanye monita tunawasihi wasome boksi kwanza: nyingi za bei nafuu ni 1366 kwa 768.

Pikseli nyingi zinataka kadi ya picha, kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha, yenye nguvu. Kioo cha 3440 kwa 1440 kina pikseli karibu milioni 5 za kuchorwa kila fremu, wakati cha 1920 kwa 1080 kina milioni 2 tu. Kadi inayokimbiza gemu vizuri kwenye hicho kidogo inaweza kukwama kabisa kwenye hicho kipana. Mwenye kadi ya kawaida achukue inchi 24 ya 1920 kwa 1080, au inchi 27 ya 2560 kwa 1440. Mwenye PlayStation 5 au Xbox asihangaike na 21:9 hata kidogo, kwa kuwa mashine hizo hazitoi picha ya uwiano huo. Hata kwenye kompyuta, gemu kama Valorant na Elden Ring hazikutengenezwa kujaza kioo kipana.

Malalamiko mengi, hata hivyo, huishia kwenye waya. Mtu kanunua monita ya Hz 144, yaani inayobadili picha mara 144 kwa sekunde, kachomeka HDMI ya zamani, anapata Hz 50 kisha anasema kauziwa feki. HDMI 1.4, toleo la zamani, kwa kawaida haivuki hapo kwenye 3440 kwa 1440. Tumia DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, na waya wake usizidi mita 2. Waya mrefu wa bei chee hufanya picha izimike na kuwaka. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya kina, uchague Hz mwenyewe, kwa sababu mara nyingi inabaki kwenye 60. Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi ya picha. Tundu la juu, la ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), ndilo linalowaponza wengi.

Kuhusu paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha, tutasema kwa kifupi aina mbili, VA na IPS: VA ina weusi mzito unaopendeza usiku, ila vitu vinavyokimbia gizani huacha mkia. IPS ina rangi thabiti ukiitazama kutoka pembeni, lakini weusi wake huelekea kijivu. Kwa mtu mwenye monita moja ya kazi na gemu, sisi tungechukua IPS. "1 ms" ya kwenye boksi, yaani muda wa pikseli kubadili rangi, isikuchanganye, kila mtengenezaji anaipima anavyotaka.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe, iwekwe rangi moja kioo kizima: nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, kisha nyeusi taa zikiwa zimezimwa. Nukta mfu (pikseli zilizoharibika) na mwanga unaovuja pembeni huonekana hapo, wala haichukui dakika tano.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo. Chini ya inchi, andikeni idadi ya pikseli, Hz, aina ya paneli na matundu yaliyopo nyuma. Na kwenye risiti muandike ni nukta mfu ngapi zinazompa mteja haki ya kubadilishiwa.

Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam