Dada, mrudishe mtoto kwenye kundi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumamosi iliyopita dada yangu mkubwa alimtoa mpwa wetu kwenye kundi la WhatsApp la familia. Walibishana kuhusu uchaguzi wa Oktoba 2025, maneno makali yakatoka, na kulipokucha kijana hayumo. Ndugu zetu walioko Muscat wakauliza kulikoni. Hakuna aliyewajibu. Mimi sikulala, kwa sababu jambo hili nimeshaliona likianza hivi hivi.

Nimezaliwa kijiji cha karibu na Wete, Pemba. Msimu wa karafuu nyumba yetu ilikuwa hailali. Mchana wakubwa wako juu ya mikarafuu. Usiku sote, hata sisi watoto, tunakaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Vidole vilinukia hata ukila wali unaonja karafuu. Katikati ya jamvi ilikaa redio ya Baba, na ole wake atakayechukua betri zake kutia kwenye tochi. Taarabu ikianza, bashrafu kwanza, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, kanuni ya nyuzi nyingi na fidla zikiitana, Mama alisimamisha mikono. Yeye alikuwa mtu wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza tangu 1905. Ami yangu, mdogo wake Baba, alikuwa mtu wa Culture, kikundi kingine cha taarabu, na alimchokoza shemeji yake kila usiku kwamba Culture ndio wenye fidla. Walibishana mpaka karafuu zikaisha, na asubuhi wakanywa chai pamoja.

Ami mwenyewe alipiga fidla. Aliiviringisha kwenye kanga kuukuu ya Bibi na hakumruhusu mtoto kuigusa. Akiolewa msichana wa ukoo wetu, fidla ile ndiyo iliyotangulia kuingia uani, na wanawake walimtuza mpaka noti zikamwanguka begani.

Ukaja uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wa 1995. Kura za Dk. Salmin Amour wa CCM na za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, zilipishana kwa chini ya nusu asilimia. Kwetu nusu asilimia hiyo ilikuwa pana kama mkondo wa bahari baina ya Pemba na Unguja. Baba alikuwa upande mmoja na Ami upande wa pili. Sitasema nani alikuwa wapi, maana msomaji akijua atachagua wa kumhurumia.

Vijana wa leo hawalijui neno kususiana kama tulivyolijua sisi. Lilianza dukani. Duka la jirani likawa si letu, nikatumwa mafuta ya taa mbali, wakati wa magharibi, na nilikuwa na miaka kumi na tano. Kisha zikakatwa salamu. Kisha likafika kwenye maziko. Bibi alipofariki 1997, Ami alikuja kumzika mama yake mzazi, na niliwaona kwa macho yangu wanaume wakiondoka uani mmoja mmoja alipoingia. Njia ya makaburini ni ndefu, na jeneza lilizunguka kwenye mabega ya watu wale wale wachache. Baba na Ami walibeba mbele, huyu kulia, yule kushoto, bila ya kutazamana.

Mwaka uliofuata aliolewa dada. Ndiyo, dada huyu huyu. Ami hakuitwa. Walikodi spika na kaseti kutoka Chake Chake. Dada alilia chumbani tangu jioni, na wageni wakasema ni kilio cha bibi harusi. Mimi nilikuwa namfunga shada la asumini. Aliniambia, "Fidla haikuja."

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu, yakaanza yale tuliyoyaita maridhiano. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, na thuluthi mbili kati yetu tukakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Idi ya mwaka huo Ami akatokea mlangoni, kanga ya Bibi kwapani. Hawakuombana radhi mbele yetu. Baba alisema, "Ingia, chai inapoa." Ami akakaza nyuzi, akapiga, na Baba akajifuta uso kwa kofia yake. Miaka kumi na tano ilikuwa imepita.

Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa maridhiano ni maneno ya wanasiasa tu. Yamenirudishia ami yangu. Lakini tangu uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa Oktoba 28, 2015, nimeona tunavyorudi nyuma kila baada ya miaka mitano, na nadhani sababu ni kuwa mapatano yetu yanaishia juu. Wakubwa wanapeana mikono Ikulu. Sisi tulioondoka kwenye maziko ya jirani hatujakalishwa hata siku moja. Nawaomba viongozi wa vyama vyote walishushe jambo hili kwenye shehia, huko mitaani na vijijini, watu wakae na kuambiana yaliyowauma. Na simwombi mtu anyamazie dhulma. Mwenye malalamiko ya uchaguzi asikilizwe hadi amalize, hata kama maneno yake yanatuchoma. Mpwa wetu alikuwa na lake la kusema, na tukamfungia mlango.

Ami ameshatangulia mbele ya haki. Fidla yake iko kwangu Mwanakwerekwe, na binti yangu amejifunza kuipiga pale Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Baada ya Idi ataipiga Wete, kwenye harusi ya binti wa dada. Nimempigia simu mpwa wetu nikampa kazi ya kuibeba fidla hiyo kwenye boti. Amesema ataangalia.

Jana usiku nikampigia dada. Nilimuuliza kama anakumbuka aliyoniambia siku ya harusi yake. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama kanga ya Bibi bado ipo.

Ipo, nilimwambia.

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Mwanakwerekwe, Unguja